Betri ya Mama Picha

Kama kuna kitu kilichomwotesha Mama Picha mvi kabla ya siku zake, basi si ujane, wala si watoto watatu aliowalea peke yake. Ni betri ya kamera. Kitu chenyewe hakizidi kiberiti kwa ukubwa, lakini kilimkalia kooni miaka mitatu.

Alikuwa na chumba cha mbele kinachotazamana na geti la zahanati. Ndani palikuwa na pazia la buluu ukutani, kiti cha mbao, na kioo kidogo cha wateja kujitazama meno. Kina mama wakitoka kupima watoto uzito wanapitia kwake. Wanaohitaji picha ndogo za vitambulisho nao wanakuja. Kazi, namshukuru Mungu kwa niaba yake, haikukosekana. Tatizo ni kwamba ikifika picha ya thelathini, au thelathini na tano siku ya baraka, kamera inalia “ti”, inapepesa taa, inazimika. Na mteja pale kitini amenyoosha shingo, amebana pumzi.

“Umeshapiga?”

“Bado, mama. Betri.”

“Tena?”

Hiyo “tena” ndiyo iliyokuwa ikimchoma.

Alishafanya yote. Alinunua betri ya pili, nayo ikafa vilevile, akaitupa. Akamlaani muuzaji kimoyomoyo, halafu jioni akapiga magoti kuomba msamaha, maana kumlaani mtu asiyekuwepo ni dhambi. Jirani mmoja akamwambia betri ilazwe kwenye friji. Akailaza kando ya nyanya. Mwingine akamwambia aipashe joto kwapani. Akaibana kwapani wiki nzima, mpaka watu wakadhani ana jipu.

Jumatano moja akaifuata kamera kwa fundi, alikoiacha tangu Jumatatu pamoja na betri na chaja yake. Fundi huyo ni mtu mpole, mwembamba, anayezungumza kama daktari anayekupa habari za mgonjwa wako.

“Dada, betri yako nzima.”

“Nzima vipi, fundi, na kila siku inakufa?”

“Nimeichaji hapa mpaka taa ya chaja ikazimika yenyewe. Taa ikiwa nyekundu, inachaji. Ikizimika, imejaa. Nikapiga picha za ukuta wangu huu mpaka betri ikaisha. Picha mia tatu na kumi.”

“Ziko wapi nizione?”

“Nimezifuta.”

“Aa! Ushahidi umeufuta.”

Fundi hakukasirika. Aliigeuzageuza kamera mkononi. “Niambie, wateja wako unawaonyesha picha kila ukipiga?”

“Wasipojiona hawainuki kitini! Mmoja anataka aone kope, mwingine aone kola. Mtoto analia, mama mtu anasema nione tena, nione tena.”

“Basi hicho kioo cha nyuma ndicho mlaji. Bonyeza hiki kitufe mara mbili, kioo kinalala, wewe unachungulia kwenye kitundu hiki cha juu kama wazee wa zamani. Flashi nayo mchana ya nini? Wasogeze watu kwenye mwanga. Na usivute picha kwa mtambo, sogea kwa miguu. Miguu Mungu kakupa bure.”

Mama Picha akashukuru, akatoka. Njiani akawa anajisemea: mtu aliyepiga ukuta mara mia tatu ndiye anayenifundisha kubana matumizi.

Asingehangaika hivyo kama isingekuwa Jumamosi iliyokuwa inakuja.

Baba yake alikuwa fundi mwashi, na kaka wa baba yake pia mwashi. Nusu ya kuta za mitaa ile walizisimamisha wao wawili, mmoja huku na mmoja kule kwenye uzi uleule wa kunyooshea ukuta. Halafu wakagombana. Wakagombania pima maji, ile mbao yenye kichupa cha maji na tone la hewa ndani, inayomwonyesha mwashi kama ukuta umelala sawa. Baba yake alisema kaka aliiazima nzima akairudisha imepinda. Kaka alisema ilipinda tangu zamani, na ndiyo maana kuta za mdogo wake zinaegemea. Neno hilo, kwa mwashi, ni kubwa kuliko tusi. Miaka kumi na moja hawakusalimiana. Wakikutana msibani, mmoja anakaa kwenye mkeka wa mbele, mwingine wa nyuma kabisa.

Sasa baba mkubwa alikuwa amezeeka, moyo wake si mzima, na binti yake alikuwa amemtuma mumewe aje kumchukua akaishi nao mbali sana, safari ya siku mbili. Kabla ya kuondoka alituma ujumbe kwamba Jumamosi atapita kuaga. Baba yake Mama Picha aliposikia, akamwita binti yake.

“Mwanangu, wewe umepiga picha watoto wa watu wote wa mji huu.”

“Ndiyo, baba.”

“Mimi na kaka yangu hatuna hata moja. Tukijenga nani alikuwa na kamera? Nataka moja tu. Tumekaa pamoja. Nisife sina.”

Mzee yule hakuwahi kumwomba kitu tangu magoti yalipomshinda akahamia kwake. Mama Picha akamwambia, “Utaipata, baba,” na papo hapo akaikumbuka betri.

Jumamosi saa moja asubuhi akachomeka chaja kwenye soketi ya korido, akawasha swichi, taa nyekundu ikawaka. Akaandika kwenye kibao “Leo hakuna picha”, akakitundika mlangoni. Akafagia ua, akatoa benchi, akaanika vikombe. Saa tano akapita koridoni, akakuta taa imezimika. Imejaa. Akamshukuru Mungu, akaichukua, akaitia kwenye kamera, akaizima, akaiweka juu ya kabati kama yai.

Mgeni aliahidi saa sita. Akafika saa tisa na robo, ndani ya gari la mkwewe, na mkwe hata injini hakuzima vizuri. “Shikamoo, dada. Saa kumi kasoro robo tunatoka. Njia ni ndefu.”

“Marahaba. Nusu saa tu? Baada ya miaka kumi na moja?”

“Mlaumu baba yako mkubwa, alikuwa akichagua shati tangu asubuhi.”

Baba mkubwa akashuka taratibu, na kwapani ana kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti. Baba yake alikuwa amesimama kizingitini na koti lake la ibada. Wakatazamana. Mama Picha akajua hapa ama atasikia kilio ama atasikia matusi.

“Umenenepa,” akasema baba mkubwa.

“Na wewe umekuwa mfupi.”

“Shika.” Akampa lile gazeti. Ndani mlikuwa na pima maji mpya. “Usiseme nimekuja mikono mitupu. Na ile ya zamani ilikuwa imepinda tangu mwanzo.”

“Ilikuwa nzima.”

“Jamani!” Mama Picha akapaza sauti. “Kaeni kwenye benchi. Mtagombana mkiwa mmekaa.”

Wakakaa. Akapiga ya kwanza. Baba yake akanyoosha mkono: “Nione.” Akamwonyesha. Pichani alikuwa amefumba macho. Akapiga ya pili. Baba mkubwa naye: “Na mimi nione.” Akamwonyesha, hakupenda kola. Ya tatu, wameachana kama watu wanaosubiri mabasi tofauti. Ya nne, baba yake anaitazama pima maji badala ya kamera. Na kila moja lazima ipite mikono miwili, miwani ivaliwe, kidole kiguse kioo. Maneno ya fundi yalimjia Mama Picha, akayapuuza; si betri imejaa? Ya nane, kamera ikasema “ti”.

Akadhani masikio yake yanamdanganya. Akatazama. Alama ya betri inawakawaka.

“Haiwezekani! Haiwezekani kabisa! Nimechaji tangu saa moja mpaka saa tano!”

“Hukuchaji mpaka saa tano,” akasema baba yake kwa upole. “Saa mbili nilizima.”

“Ulizima nini, baba?”

“Swichi. Ile taa yako ilikuwa nyekundu. Nyekundu ni hatari, mwanangu, kila mtu anajua. Nikiiona naizima, nalinda nyumba.”

Mama Picha akashusha kamera polepole. “Ukiiona lini?”

“Kila siku. Ukienda kufagia mbele, napita naangalia. Tangu nihamie hapa sijakosa hata siku moja.”

Tangu ahamie. Miaka mitatu. Yule muuzaji aliyelaaniwa bure, betri ya pili, friji, nyanya, kwapa, fundi wa watu na ukuta wake. Na swichi ile, aliyokuwa akiikuta imezimwa kila asubuhi akajisifu kwamba yeye ni mama mwangalifu! Akamtazama Mungu juu, akaona mawingu tu.

“Baba,” akasema, “nyekundu maana yake inakula. Umekuwa ukimpokonya mtoto sahani miaka mitatu.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesemaje, na sikujua!”

Baba mkubwa akacheka mpaka akakohoa. “Huyu ndiye aliyesema mimi ndiye naharibu vitu vya watu!”

Honi ikalia nje. Mara moja, ndefu.

Mama Picha akajifunga khanga vizuri kiunoni. Akaitoa betri, akaifuta vile vibati vyake, akaifumbata kiganjani ipate joto, midomo ikisema sala fupi isiyo na mpangilio. Akaburuta benchi na wazee wake juu yake mpaka kwenye mwanga wa jua, wao wakilalamika. Flashi akaifunga. Akairudisha betri, akabonyeza kile kitufe mara mbili, kioo cha nyuma kikalala kikawa cheusi. Akaweka jicho kwenye kitundu.

“Sasa mbona giza? Nione,” akasema baba yake, akinyoosha shingo kuchungulia kioo.

“Hakuna kuona.”

“Hakuna kuona vipi? Utajuaje imetoka?”

“Sitajua. Tulieni.”

“Kaka, unamsikia huyu? Anapiga bila kuona, kama mtu anayepaka lipu usiku.”

“Mtoto wako ndivyo ulivyomlea.”

“Nimemlea mimi? Si wewe uliyemfundisha ubishi akiwa bado anatambaa?”

“Na benchi lenyewe limelala upande! Wewe umelitengeneza?”

“Halijalala!”

“Weka pima maji basi. Weka tuone!”

Baba yake akailaza ile pima maji mpya juu ya mapaja yao, ncha moja kwake, ncha nyingine kwa kaka yake, na vichwa viwili vyeupe vikainama pamoja juu ya kile kichupa. Kisha, kama waliopanga, wakainua nyuso wamkemee yule mwanamke mwenye kamera, kila mmoja kanyoosha kidole, midomo wazi.

Akabonyeza. Kamera ikalia “chak”, ikalia “ti”, ikafa mkononi mwake.

“Imetoka?” wakauliza kwa pamoja.

“Mungu ndiye anayejua.”

Honi ikalia mara mbili. Mkwe akaingia mwenyewe, akamshika mzee mkono. Kwenye mlango wa gari ndugu wale hawakukumbatiana. Waashi wa zamani hawana hayo. Baba yake alimfunga kaka yake kifungo cha juu cha shati, akampigapiga kifuani, basi. Gari likaondoka na vumbi lake.

Hasira zilimrudia Mama Picha alipoingia koridoni. Akachomeka chaja kwa nguvu kama anayemchoma mtu, akawasha swichi, akavuta kigoda, akakaa mbele ya ile taa nyekundu kama askari wa benki. Baada ya muda mfupi baba yake akaja na kiti chake, akakaa kando. Mzee alikuwa akiitazama ile taa, mkono wake unanyanyuka kidogo kidogo kuelekea swichi.

“Baba!”

“Nanyoosha mkono tu.”

Walikaa saa mbili na nusu. Chai ilipoa. Mama Picha alihesabu yote: kama kadi ya kamera haikuihifadhi ile picha, baba mkubwa kesho yuko njiani, na moyo ule hautamrudisha. Angemwambia nini mzee? Kwamba alizima mwenyewe? Hilo asingeweza kulisema hata mara moja.

Jua likiwa limeshashuka nyuma ya paa la zahanati, taa ikazimika. Yenyewe. Wote wawili walishtuka.

“Si mimi!” akasema mzee.

Akaitia betri, akawasha. Alama ikasimama imejaa mpaka juu, jambo ambalo alikuwa ameshalisahau linafananaje. Akabonyeza. Picha ya tisa ikaja.

Haikuwa picha ya kutundikwa ofisini. Benchi lilikuwa limelala upande kweli. Kola ya baba mkubwa imekunjika, baba yake anaonekana pengo la jino. Lakini mabega yao yalikuwa yamegandana, ile pima maji imewaunganisha kama daraja, na nyuso zile mbili zilizokuwa zikimkemea zilikuwa sura moja, iliyogawiwa watu wawili.

Mzee akavaa miwani. Akatazama. Akavua, akaifuta kwa ncha ya koti, akavaa tena. Mama Picha alingoja asikie habari za kola.

“Alikuwa sahihi,” mzee akasema. “Benchi limelala.”

Kisha akatazama tena kwa muda mrefu sana, mpaka akashtuka kama aliyekumbuka kosa, akamrudishia binti yake kamera haraka.

“Zima, mwanangu, zima. Si ulisema kioo kinakula?”

“Kiache kiendelee kula, baba,” akasema Mama Picha, akamrudishia mikononi. “Wewe tazama tu.”