Kamba Iliyokunjwa Kushoto

Ukimkuta Mashoto leo sitahani akiwafokea wanafunzi wapya wa meli ya matanga, utadhani alizaliwa na kamba mkononi. Wapi! Siku yake ya kwanza nusura arudishwe nchi kavu. Nasimulia mimi, maana yeye akisimulia hujipunguzia aibu.

Wenzake walimwita Mashoto, kwa kuwa kila kitu alifanya kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa mshona nguo, na nafasi ile ya uanafunzi aliiomba mara tatu ndipo akaipata. Nahodha, mama wa maneno machache, aliwaambia asubuhi: boti ya rubani wa bandari itawasindikiza hadi saa nane; asiyefaa atarudi nayo, na hatachukuliwa tena.

Basi Mashoto akapewa kamba ya tanga kubwa aikunje. Akaikunja duara safi, ikapendeza, ila kwa kuzungushia kushoto. Kumbe kamba ile imesokotwa kuelekea kulia. Ukiikunja kinyume inajinyonga. Upepo ulipozidi, kijana waliyemwita Kinyozi, kwa kazi aliyoiacha, akaamriwa kuteremsha tanga. Likashuka nusu, fundo likakwama kwenye kapi, kigurudumu kinachopitisha kamba. Meli ikalala ubavu, sufuria zikamwagika jikoni, na mpishi akautukana upepo hadi ukoo wake.

"Nani alikuwa kwenye kamba hii?" akauliza mkuu wa sitaha, mtu asiyejua kunong'ona.

"Mimi," akasema Kinyozi.

"Funga mfuko wako."

Mashoto alinyamaza. Ndiyo, alinyamaza, tena simtetei. Akatazama chini mpaka boti ikasogea na Kinyozi akavusha mguu mmoja nje. Hapo uso ukamwungua.

"Kamba niliikunja mimi," akasema. "Yeye aliifungua tu."

Nahodha akamgeukia. "Mbona hukusema mapema?"

"Niliogopa, mama."

"Afadhali umesema ukiwa bado unaogopa. Mtu wa hivyo namfundisha." Akainama kuelekea botini. "Rubani, nenda zako, hatuna abiria. Na wewe binti, kamba zote za meli hii utazikunja upya leo. Kulia."

Zilikuwa arobaini na kitu. Alikuwa kwenye ya sita, viganja vinawaka moto, Kinyozi alipokuja kuketi kando yake bila kutumwa, akaanza kunyoosha kamba ya saba.

"Nisamehe, kaka," Mashoto akasema. "Ungejuaje kwamba ni mimi niliyekosea?"

"Nilikuona ukikunja kwa kushoto."

Mashoto akaacha kazi. "Ulijua? Mbona ukanyamaza?"

"Wewe nilimwona mama yako gatini asubuhi, akilia na kucheka. Ungerudi leo angeumia. Mimi sikusindikizwa na mtu, hakuna ambaye angejua nimerudi."

Ahsante zote alizozijua Mashoto zilikuwa ndogo. Akalia kidogo, akapangusa kamasi kwa mkono wa shati, akaendelea kukunja.

"Tukirudi," akasema mwishowe, "utashuka na mimi. Nitamwambia mama kwamba ana watoto wawili."

Kinyozi alikunja kamba ile ile mara tatu, na mara zote tatu aliikosea.