Matanga ya Mjerumani

Juzi mjini Kitale nilisikia mashine ya kufuma sweta ikikwaruza kwenye kibanda cha fundi. Nikanusa mafuta yake, na marehemu mama akanijia akilini.

Alasiri moja utotoni tulikuwa nyumbani Bungoma, yeye akifuma kwa mashine yake sweta yangu ya kuanzia shule kesho yake. Sindano moja ikavunjika. Akatoa nyingine, yenye ulimi mdogo unaofunguka na kujifunga. Nikamuuliza nani anaweza kutengeneza kitu kidogo hivyo.

"Mjerumani mmoja, alikuwa na kiwanda cha sindano. Alishakufa."

Kwetu mtu akifa, majirani hawaendi shambani mpaka azikwe. Nikamshika mkono.

"Mama, wacha kazi. Si tungoje azikwe?"

"Alizikwa kitambo, hata nyanya yako alikuwa hajazaliwa."

"Na sisi hatukuenda?"

Mama alicheka mpaka akaegemea mashine. Kisha akaona machozi yangu. Alifunika mashine kwa leso, akabandika chai, akasema tumkalie matanga kidogo mzee wa watu.

Kesho yake nilienda shule na sweta yenye mkono mmoja mfupi. Kila aliyeniuliza nilimweleza, bila aibu yoyote, kwamba kwetu kulikuwa na matanga.