Miezi mbili alipika gato na siye, kumbe hayuko mwanafunzi wetu

Wakuu, nawasalimia wote kutoka Butembo. Mutanivumilia na Kiswahili yangu, huku kwetu tunaichanganya na Kifaransa, mais (lakini) najua mutanielewa.

Hii habari si ya kusikia kwa batu. Ilinifikia miye mwenyewe. Nimebadilisha tu jina ya mutoto. Mengine nayaweka vile yalifanyika, hata pale yenye kunipa haya.

Niko mwalimu wa primaire hapa mu commune ya Vulamba, nafundisha quatrième, darasa ya ine. Mardi na jeudi (Jumanne na Alhamisi), kiisha masomo, niko na club ya batoto bakubwa kidogo. Tunasuka vitunga vya raffia, tunashona, halafu tunapika mikate na gato, ile keki. Iko four, tanuri ya matofali, nyuma ya bureau, tunawasha na makala.

Sikuanzisha ile club sababu ya kitu kikubwa. Niliona tu batoto benyi banarudia nyumbani haraka kukaa bure, nikasema bakae na siye.

Mu mwezi wa kumi, mutoto mumoja mwanamuke akaanza kukuya. Nitamuita Kasoki. Miaka kumi na moja hivi, mwembamba, uniforme yake bleu na nyeupe safi lakini fupi kidogo.

Wakuu wa inchi zingine, mujue kitu hiki: kwetu Congo uniforme ni moja kwa inchi yote. Bleu na blanc. Kumuangalia mutoto tu, hauwezi jua anasoma wapi.

Siku ya kwanza alisimama ku mulango. Nikamwambia, "Nawa mikono, ingia." Akanawa, akaingia. Ndiyo hivyo tu.

Na alikuwa na mikono ya ajabu. Wengine banapigana na unga mpaka unabashika ku nguo, yeye anaukanda pole pole mpaka unalainika. Ni yeye alitufundisha kuponda ndizi zenye zimeiva sana na kutia ndani, gato ikakuwa laini na sukari ikapungua. Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema, "Kwa mama." Sikuuliza zaidi.

Jina yake niliiandika mu cahier, daftari yangu, kila mardi na kila jeudi. Présente. Présente. Présente.

Sasa, jeudi moja saa tisa, anatoa plaque, sinia ya mikate, mu four, kitambaa ikateleza. Plaque ikamugusa ku kiganja. Hakulia. Aliweka plaque chini vizuri, mikate yote ikapona, kiisha akaikala chini na kushika mukono yake.

Nikamwagia maji ya baridi, nikamupeleka mbio ku bureau ya directeur, kwenye kuko boîte ya dawa. Tukamufunga kitambaa safi.

Directeur akafungua registre ili aandike accident. "Ni wa classe gani?"

Nikajibu bila kufikiri, "Cinquième B."

Akatafuta. Hakuna. Akamuita mwalimu wa cinquième B, akaangalia mutoto, akasema, "Huyu hayuko wangu. Nafikiri ni wa cinquième A." Wa cinquième A naye akasema hapana, siku zote alizani ni wa B.

Tukatafuta mu sixième. Tukatafuta hata mu quatrième, yaani classe yangu miye. Hakuna.

Wakuu, nilisimama pale na cahier yangu mu mukono, jina ya mutoto imeandikwa zaidi ya mara kumi, na directeur na registre yake, hakuna jina. Nilijiuliza kama niko na akili sawasawa. Mutoto anakaa mbele yetu ku kiti, anaangalia chini.

Directeur aliongea na sauti ndogo, ndiyo ilinitisha zaidi. "Madame, kama angeungua uso, tungemwambia nani? Tungesema ni mutoto wa nani?"

Nilifunga cahier yangu.

Nikamuomba Kasoki anionyeshe kwao. Tukatembea kwa miguu. Alikuwa anaishi kwa mama yake mudogo, chini kidogo ya barabara kubwa. Ule mama tulimukuta anachambua maharagi inje. Kuona mukono yenye kufungwa, akasimama haraka.

Nikamuelezea. Kiisha nikauliza kama mutoto anasoma wapi.

Akaniangalia sawa vile niko mugonjwa. "Si kwenu, madame? Anatoka hapa kila asubuhi saa moja. Namufungia viazi patate ya kula. Anarudia mangaribi, ananiambia vile mulisoma."

"Vile tulisoma?"

"Ndiyo. Hesabu, Kifaransa, gato."

Ile mama aliikala tena chini pole pole. Akaniambia kwao ni Mabalako. Walikimbia vita, wakafika Beni, mama ya mutoto akabakia Beni na bibi mwenye ni mugonjwa. Kasoki akatumwa huku Butembo ili asome. Mwezi wa tisa mama mudogo alikuwa na homa, mutoto akaenda kujiandikisha peke yake. Akarudia, akasema, "Banikamata," yaani wamemupokea ku masomo. Nyumba yote ikafurahi.

Hapo nikamugeukia Kasoki. Kusema kweli nilikuwa nakasirika. Nilimuuliza kwa nini alidanganya batu wote hivi, na kama kuko mwenye alimukatalia kuandikwa, ni nani.

Akashika kitambaa ya mukono yake. Mama yake mudogo akasema, "Jibu, mutoto."

"Ni weye, madame."

Sikuelewa. Nikamuomba arudilie.

"Ulikuwa ku meza ya kuandikisha batoto, ku inscription. Ulisema nikalete bulletin ya kule nilisoma, ndiyo nirudie. Na bulletin tuliiacha Mabalako. Nikakuambia haiko. Ukasema, basi, mwenye kufuata akuye."

Wakuu, naapa kusema kweli: simukumbuke. Ile siku walipita batoto benyi sana, mustari ilifika mpaka inje ya lupango, uwanja ya masomo. Bulletin, ile karatasi ya matokeo ya mutoto, ni sheria, siye twaliambiwa tuiombe. Kama nilisema ile maneno? Nilisema. Nilisema kwa wengi. Mais uso yake sikuiona.

Nikauliza, "Sasa kwa nini ulikuya kwangu tena, ku club?"

"Ku club haukuniomba kitu. Ulisema tu ninawe mikono."

Sikuweza kukasirika tena. Lakini sikuweza hata kufurahi. Sikujua nafanya nini na ile jibu. Nikamuaga mama mudogo, akaniambia wasingya, ndiyo asante ya kwetu, na sijui alikuwa ananishukuru juu ya nini.

Kesho yake nilimuelezea directeur yote, pamoja na kosa yangu. Kiisha akapiga simu Beni, akamupata mwalimu mumoja mwenye alikimbia toka Mabalako, akasema ndiyo, Kasoki alikuwa wake, na anasoma vizuri. Akapewa test. Hesabu alipita sana, Kifaransa kidogo tu. Akaingizwa quatrième.

Yaani kwangu.

Sasa anakaa ku banc ya tatu. Mukono ilipona, alama imebakia. Nikimuuliza swali, anajibu. Asubuhi zote zile alikuwa anaenda wapi? Mara moja aliniambia ku kanisa. Siku ingine akasema alikuwa anatembea tu. Niliacha.

Lakini kitu yenye imenifanya niandike huu uzi ni hii: toka aliandikwa, hajarudia ku club hata siku moja. Saa ikifika, anakamata kitunga yake, anasema "à demain, madame," yaani tuonane kesho, anaenda. Nilimuuliza kama ni kuogopa moto. Hapana. Kama mama mudogo amekataza. Hapana. Nilimuambia batoto wengine banamutafuta juu ya gato ya ndizi. Akatabasamu, akaenda.

Fundisho yenye nimepata ni ndogo. Karatasi tuiombe, ndiyo, mais mbele ya kuiomba tumuangalie mutoto mu macho na kumuuliza ametoka wapi. Mu mwezi wa kwanza, ku inscription ya wenye kuchelewa, nilikaa tena ku ile meza. Kulikuwa wengine bila bulletin. Niliandika majina yao pembeni, nikapeleka kwa directeur mumoja mumoja. Mustari ilienda pole, batu walinung'unika.

Haya, wakuu, hasa nyie walimu na wazazi, niko nawasikiliza, hata kama ni kunisema, muniseme. Wakati hakuwa wangu, alikuwa anakuya kila mara. Sasa ni wangu, kengele ikilia anaenda. Nielewe nini hapo?