Fundi Funguo na Koti la Jua Kali

Fundi funguo alikuwa hodari hivi kwamba kufuli zikimwona zinafunguka zenyewe kabla hazijaguswa. Anayebisha akaulize milango ya mtaa ule.

Siku presha ilipompanda akaona nyota mchana, mkewe alimkokota hadi zahanati. Vidonge vya mwanzo havikufua dafu. Daktari, binti mdogo kuliko shati la kazi la fundi, akamweleza:

"Baba, kuta za mishipa yako ya damu zina vitasa vidogo mno. Homoni ya kushika chumvi ndiyo ufunguo. Kwako imezidi, inafungua kutwa kucha, mishipa inakakamaa. Kidonge hiki kinaziba tundu."

"Kama njiti kwenye kitasa," fundi akasema, akaridhika.

"Hasa. Ukiona badiliko lolote mwilini, niambie. Usiache mwenyewe."

Presha ikatulia. Mwezi wa tatu kifua kikaanza kuuma, kisha kikafura, kushoto na kulia. Kidonge kilikuwa kinaziba na vitasa visivyokihusu, vile vya homoni ya kiume. Fundi viatu wa kibanda cha pili hakulaza damu.

"Mama mlezi! Unanyonyesha saa ngapi?"

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Tangu hapo mwanamume akavaa koti jua kali, jasho linatosha kuoshea gari.

"Si umwambie daktari?" mkewe akamsihi. "Labda ipo dawa nyingine."

"Nimvulie shati mtoto wa kike yule? Bora nife."

"Unadhani kufa ni kufunga kibanda, kesho unafungua?"

Kila asubuhi akawa anatia kidonge mdomoni mbele ya mkewe, akifika kazini anakitema kwenye kopo la funguo mbovu. Kifua kikaanza kunywea. Akavua koti, akapiga mluzi. Wiki ya sita tupa ikamponyoka, mdomo ukaenda upande, akaanguka juu ya mashine.

Mkewe alipoeleza habari ya kifua na vidonge alivyovikuta koponi, daktari aliketi kwanza.

"Mama, kipo kidonge kingine. Kinaziba kitasa kilekile, kifua kwa kawaida hakikigusi. Kilikuwa kabatini humu. Angesema tu."

Sasa mkewe ndiye anayechonga funguo, nyingi zinagoma. Mume yuko kwenye stuli, mkono wa kulia umelala pajani kama wa mtu mwingine. Asubuhi mkewe humpa kidonge kile kipya, kisha humpanua mdomo kwa kidole kuhakikisha, wateja wakitazama. Fundi viatu humletea chai, anaiweka, anaondoka.

Kifua kimekuwa bapa kama ubao. Hakuna anayekicheka.