Siku Nane Nyuma ya Marobota ya Jinzi

Sikumaliza darasa la saba, lakini mwishoni mwa miaka ya tisini Wachina wa soko la nguo la Shisanhang wakiniona tu walinivutia kiti na kuniita laoban, yaani bosi. Sijisifu, nasema kilichokuwepo. Ndiyo maana viza ilipokwisha sikushtuka. Nilijiambia mtu kama mimi hafukuzwi. Nikabaki kusubiri kontena la nguo za kupeleka nyumbani lijae, mpaka polisi walipoanza kupita nyumba hadi nyumba mtaa wa Sanyuanli, nilikopanga, wakikagua pasipoti.

Aliyenificha ni Mzanzibari mmoja mwenye stoo ya mizigo, mtu wa swala tano ambaye nilizoea kumtania ndevu zake mbele ya watu. Alinitengea nafasi nyuma ya marobota ya jinzi, upana wa godoro la mtoto, akasema wakala anahangaikia karatasi zangu za kuondokea, nivumilie. Nikikutwa kwake, naye anafukuzwa nchini na stoo inafungwa. Hilo nililijua. Sikulifikiria.

Kule nyuma hewa ilikuwa ya kugawana na panya. Nikigeuka, kiwiko kinagonga ukuta. Kikohozi kikija, nauma shati. Harufu ya rangi ilinikaa kooni mpaka maji nayo yakawa na ladha ya jinzi. Siku ya saba nilichoka na maharage yake, nikamwagiza kitimoto kwenye kibanda cha Mchina pale nje. Mwislamu yule, nguruwe. Aliileta kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, ameishika kwa vidole viwili, mkono kaunyoosha mbali na kanzu. Akaiweka, akaenda kunawa.

Mle stoo alikuwa akija mzee mmoja Myahudi, muuza vifungo na zipu aliyeishi Nairobi miaka mingi na Kiswahili akakishika. Mzigo wake ulikuwa uingie kontena moja na wangu. Alikaa juu ya robota upande wa pili, tukazungumza bila kuonana. Siku hiyo harufu ikamfikia, akacheka.

"Mwislamu anakuletea nguruwe, na Myahudi anakulindia mlango. Wewe kweli ni bwana mkubwa."

Nikamjibu kwamba mimi ni mwanamume, siku saba kwenye tundu si mchezo. Kisha akanisimulia polepole, sauti haipandi haishuki. Wanazi wa Ujerumani walipokuwa wakiwaua Wayahudi, yeye alikuwa na miaka tisa, huko Poland. Wazazi wake na wadogo zake walipakiwa kwenye treni, hakurudi hata mmoja. Mama mmoja mjane, Mkristo, alimficha yeye na dada yake chini ya sakafu ya zizi la ng'ombe, miezi ishirini. Kusimama hakukuwezekana. Dada yake alifia humo, akakaa naye siku mbili kabla yule mama hajapata nafasi ya kumzika.

Nikasema, basi mzee, sisi wawili yametukuta mamoja.

"Hapana, bwana," akasema. "Wewe wakikukamata watakupandisha ndege, urudi kwa mke wako. Usiseme hivyo tena."

Nikamwomba radhi. Nikamsikia akishuka juu ya robota, kisha akakaa tena.

"Watu huniuliza niliishije kule chini," akasema. "Hakuna anayeniuliza yule mama huko juu alilalaje."

Ile nyama ilikuwa bado mapajani mwangu. Sikuimaliza.

Kesho yake asubuhi Mzanzibari alipoleta chai, nilimuuliza kama huwa anapata usingizi.

"Tangu uingie humu, ndugu yangu, nalala na viatu miguuni."

Nikamwambia natoka. Akanizibia njia, akasema karatasi zimebaki siku tatu tu, na kwao mgeni haachwi atoke hivyo. Ilibidi nimsukume. Nilipitia mlango wa nyuma, nikazunguka mitaa mitatu mtu asijue nimetokea wapi, nikaingia kituo cha polisi na pasipoti mkononi.

Walichotaka kujua ni nililala wapi siku zote hizo. Nikasema stesheni ya treni. Waliniuliza mara nne kupitia mkalimani. Mara zote nne nikasema stesheni, na ile ya nne nilikuwa nikiwaelekeza mpaka benchi lenyewe.