Maji ya Ziwani kwenye Chupa Namba Nne

Mama yangu aliniharibia jaribio la kisayansi kwa mapenzi, na mpaka leo hajaomba msamaha. Mimi nami sitaki auombe.

Kikazi mimi ni fundi wa maabara kwenye shule moja ya sekondari hapa Ujiji. Kazi yangu ni kupima kemikali, kuosha chupa na kugombana na wanafunzi wanaotaka kunusa kila kitu. Nina hasira za karibu, hilo nakiri. Mwaka wa jaribio lile zote zilimwangukia baba mdogo, kwa sababu alitangaza kwamba mvua ya kwanza ikinyesha tu, anaing'oa michikichi ya marehemu baba kule Mwandiga apande mihogo.

Michikichi ile ilikuwa kazi ya mwisho ya baba. Aliiotesha kwenye viroba nyuma ya nyumba yetu, Bangwe, akaihamishia shambani, na kabla haijafika hata kiunoni akafariki. Baadaye majani yake ya chini yakaanza kugeuka njano, kisha rangi ya chungwa. Baba mdogo akasema, "Miti hii imekufa na mwenyewe." Mama alikuwa anasikia. Aliingia ndani akajifanya anakunja nguo, na mimi roho iliniuma vibaya.

Nikamwambia baba mdogo, subiri. Mmea ukikosa chakula fulani huonyesha kwenye majani, na kila upungufu una sura yake. Nilitaka kuziona sura hizo kwa macho yangu. Nikachukua chupa tano za plastiki, nikamwomba mama anijazie maji ya mvua kwenye ndoo ya bluu kutoka tangi la shule, nikachanganya chumvi za maabara. Udongo hakuna, maji matupu. Namba moja ilipata kila kitu. Namba mbili haikupewa naitrojeni, tatu haikupewa potasiamu, nne magnesiamu, tano chuma. Kila chupa nikaivisha kipande cha buibui kuukuu la mama ili mizizi isipigwe na mwanga, nikasimamisha mche wa mahindi mdomoni kwa pamba.

Mizizi inataka hewa, kwa hiyo asubuhi na jioni nilipuliza kila chupa kwa mrija. Mama akipita alikuwa haachi.

"Mwenzangu, huo uji haupoi tu?"

Jamani, nilifurahi siku zile! Namba mbili ilififia mwili mzima. Namba tatu iliungua kingo za majani ya chini. Namba tano ilitoa majani machanga meupe. Kila moja ilisema shida yake kama mgonjwa mbele ya daktari. Ila namba nne, ile niliyoitegemea itoe njano kama ya michikichi, ilinawiri kijani kibichi sawasawa na namba moja.

"Mama," nikamwita, "maji ya kwenye ile ndoo ya bluu ulichota wapi?"

"Ziwani. Kwani wapi tena?"

"Si nilikwambia ya tangi la shule?"

"Yale yananuka bati! Nikamwaga. Niliingia ziwani mpaka kiunoni, nikateka yaliyo matamu. Sasa miche ya watu uinyweshe maji yasiyo na ladha, kwa kosa gani?"

Nilipiga kelele majirani wakachungulia. Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa. Kisha nikaketi kizingitini nimenuna, nikafungua kitabu cha kemia, na humo nikasoma kwamba maji ya ziwa letu yamejaa magnesiamu. Ndiyo maana namba nne ilikuwa inanicheka! Mama alikuwa ameilisha kile hasa nilichoinyima.

Halafu nikakumbuka. Ile michikichi, wakati iko kwenye viroba hapa Bangwe, baba alikuwa anaimwagilia nini? Maji ya ziwani, kila jioni, kwa kopo. Na ilikuwa kijani. Njano ilianzia Mwandiga, huko ilikokunywa mvua peke yake.

Nilimkumbatia mama mpaka akauliza kama nina homa.

Nikaanza upya kwa maji ya tangi. Siku zikapita, na mche wa namba nne ukatoa michirizi ya njano kwenye majani ya chini. Asubuhi hiyohiyo mvua ya kwanza ikapiga bati. Ilipokatika, mama akaja mbio. "Baba yako mdogo ameshapita na panga!"

Nilipanda bodaboda na chupa namba nne kifuani, dereva akiniuliza kama ni dawa ya kienyeji. Nilimkuta baba mdogo amekunja suruali, amesimama kwenye mti wa kwanza.

"Shikamoo, baba mdogo. Usikate!"

"Marahaba. Hayo si mahindi? Mimi hapa nina michikichi."

Hasira zikanipanda, lakini alikuwa na haki. Nikainama, nikashika jani moja la chini lililokuwa limefunikwa na jingine. Nikalinyanyua la juu. La juu njano tupu. Kwenye lile la chini, pale lilipokuwa kivulini, palibaki ukanda wa kijani. Hiyo ndiyo sura ya mchikichi uliokosa magnesiamu. Nikamweleza yote, viroba, kopo, ziwa.

Baba mdogo akalishika jani lile. "Kwa hiyo kaka alikuwa anainywesha dawa bila kujua?"

"Alikuwa anaipa maji ya kunywa tu."

Akachomeka panga ardhini, akaangua kicheko mpaka akajifuta machozi kwa mkono wenye tope. Na mimi nikalia, sikuona haya.

Tulinunua chumvi ya magnesiamu kwenye duka la pembejeo, tukaizungushia kila shina. Makuti mapya yakatoka kijani. Mwaka huu tumekata mkungu wa kwanza wa chikichi, na aliyeukata ni baba mdogo kwa panga lilelile. Mama akatupikia samaki wa migebuka kwa mawese ya mkungu huo.

Hata hivyo, kila tukienda Mwandiga mama hubeba kidumu cha maji ya ziwani. Nimemweleza mara ngapi kwamba chumvi inaitosha michikichi?

"Wewe ipe chumvi yako," hunijibu. "Mimi naipa maji aliyoizoesha baba yako."

Siku hizi kidumu nambebea mimi.