Usukani Usifungwe

Maegesho ya wanafunzi pale chuoni kwetu Mpanda yalijengwa kwa pikipiki sitini. Tunazoleta ni mia na kitu. Waliopanga hivyo wana banda lao la magari, nusu yake tupu siku zote, na kila nikipita hapo damu inanichemka.

Zilizozidi alizipokea Mama Getrude, mlinzi wetu, mjane kutoka Mpimbwe aliyekulia kwenye majaruba ya mpunga. Sharti lake lilikuwa moja: ukiegesha usifunge usukani, na gia uiache nyutro. Ukishaingia darasani yeye anazisukuma, anazibananisha tairi kwa tairi, na anayetaka kutoka anafunguliwa njia. Mwezi uliopita mkuu wa utawala alimkataza kuzigusa. Akaitikia, akaendelea, maana bila hivyo wengi wetu tungebaki nje.

Wiki ya mitihani, saa sita mchana, Tamimu wa Majengo alitoka kwenye mtihani akakuta pikipiki yake haipo. Ni ya mjomba wake, mwenye duka Kashaulili. Kijana akapagawa.

"Mama, we niambie tu umempa nani."

Neno hilo liliniuma mimi, sembuse yeye. Mkuu wa utawala akaitwa. Hakuuliza mengi. "Isipoonekana mpaka saa kumi, jina lako nalipeleka polisi, na kazi usiihesabu."

Getrude alisubiri wenye pikipiki watoe zao, zikapungua, mpaka ukutani ikabaki moja tu: nyekundu, aina ileile ya Tamimu, matope yamekauka ubavuni, mpira wa kufungia gunia umeviringishwa nyuma. Akasimama mbele yake muda mrefu. Nilijua anawaza nini. Kujitoa kwenye tuhuma ya wizi kulikuwa na njia moja tu, nayo ilikuwa kukiri lile alilokatazwa.

"Nipe ufunguo wako, mwanangu," akamwambia Tamimu.

Akauchomeka, akauzungusha. Taa ikawaka. Pikipiki hizi zikichakaa, ufunguo mmoja unawasha na ya jirani. Wote tunalijua hilo na huwa tunalichekea, ila siku ile hakucheka mtu.

"Hii ni ya Hezron wa Kabungu," akasema. "Asubuhi niliisogeza ukutani, ya Tamimu nikaiweka ilipokuwa. Hezron katoka mbio kuwahi kuanua mpunga kabla ya mvua. Kachukua ya mwenzake."

"Kwa hiyo ulizihamisha," mkuu akasema.

"Nilizihamisha."

Simu ya Hezron haikupatikana. Saa nane, saa tisa, bado. Mkuu alikuja mara mbili kuangalia saa yake mbele ya yule mama, makusudi kabisa. Niliogopa Hezron asije akalala hukohuko.

Saa kumi kasoro kidogo akaingia getini, amelowa chapachapa.

"Shikamoo mama. Nimefika home, nataka kufunga gunia, mpira siuoni. Ndo nikaangalia namba."

Tamimu alichukua pikipiki yake akaondoka bila kumwomba mama radhi. Nilimkasirikia mno.

Getrude hakufukuzwa. Alipewa barua: pikipiki sitini tu, kila moja ifungwe usukani, na akigusa hata moja tena, kazi hana.

Kesho yake mimi nilikuwa wa sitini. Nikafunga usukani kama ilivyoagizwa. Aliyefuata nyuma yangu alikuwa Tamimu, zimebaki dakika saba mtihani uanze.

"Mama, nisamehe kwa jana," akasema. "Nisogezee kidogo tu, kama siku zote."

Getrude alimtazama, akaweka kikombe chake cha chai chini. Nikadhani atakataa. Akaenda kwenye pikipiki ya mwisho, akashika usukani, akausukuma kushoto, akausukuma kulia. Haukugeuka. Akainua macho kumtafuta mwenyewe.

Ilikuwa yangu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na mkono wangu nao, nikaubana humohumo mpaka Tamimu akageuza kurudi barabarani.